Viatu Chini ya Nguzo Nne

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mapema ili msomaji asitegemee safari nyingi kutoka kwangu. Flati yetu ya Lewisham, hapa London, ina kochi moja la maana, na upande wake wa kushoto umebonyea kwa umbo langu hasa, kiasi kwamba mgeni akikaa pale huinuka mwenyewe bila kuambiwa. Kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na nikimaliza zamu huwa nimeshatembea vya kutosha, tena kwa niaba ya watu wengi. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nilikuja Uingereza kwa ndege, nikashuka, nikakaa, na mpaka leo sijainuka.

Kwa hiyo binti yetu aliposimama mbele ya televisheni jioni moja na kusema anataka niende kutazama nyumba, nilimwuliza kama nyumba yenyewe inahama.

"Haihami, Baba," alijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu siku zote. Kiswahili anakisikia chote, hasa kikiwa cha kumsengenya, ila kukitoa mdomoni ni kazi. "Ipo palepale tangu kabla ya babu wa babu yako."

"Basi itanisubiri."

Hakucheka. Ndipo niliposhika rimoti na kupunguza sauti.

Huyu mtoto alisomea historia ya majengo. Mimi niliyeishia kidato cha nne nilidhani majengo hayana historia, yana kodi tu. Tangu amalize chuo alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kahawa, kuchora majani kwa povu la maziwa juu ya vikombe vya kahawa, huku akiomba kazi ya kutembeza wageni katika nyumba za kale. Mara mbili walimwita, mara mbili wakamshukuru. Sasa nyumba moja kubwa huku kusini-mashariki, iliyokuwa ya shamba zamani kabla London haijaifuata na kuizunguka, ilikuwa imempa siku ya majaribio. Angekuja na kundi lake mwenyewe, watu wasiopungua kumi, angewatembeza Jumamosi, na msimamizi angefuata nyuma akisikiliza. Akifanya vizuri, kazi ni yake.

"Na usipofanya vizuri?"

"Naacha kuomba. Nimechoka kushukuriwa."

Alikuwa amepata watu watatu, wote wa duka la kahawa, na mmoja wao alikuwa hana uhakika.

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni bila hata kugeuka. "Utawapata kumi na zaidi. Chama changu kizima kinakuja. Na baba yako anakuja, hata kama itabidi tumkunje pamoja na kochi lake."

Chama cha mke wangu ni kina mama wa Kitanzania, wauguzi na watunza wazee, pamoja na Mkenya mmoja wa Mombasa aliyepokelewa kwa sababu ya mahamri yake. Binti aliwaandikia kwenye kundi lao la simu kwamba sakafu za nyumba ile ni mbao za kale, na tafadhali mtu asije na visigino vyembamba. Wote walijibu kwa kidole gumba. Jumamosi wote walikuja na visigino vyembamba. Walikuwa wameshashonesha sare, kitenge cha rangi ya chungwa chenye picha za feni, na kitenge kile, nilielezwa kwenye treni, hakivaliki na raba. Watu wa behewani walitutazama kama harusi iliyopotea njia. Mimi nilikaa dirishani nikiwaza kochi.

Tukashuka, tukaingia geti, tukafuata njia yenye miti mikubwa pande mbili. Nilikuwa nalalamika kuhusu goti. Njia ikapinda, na goti nikalisahau.

Nyumba ilikuwa imesimama kwenye mwinuko, ya mawe meupe yaliyoanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake nguzo nne ndefu zilizobeba pembetatu ya paa. Kulia madirisha, kushoto madirisha, idadi moja, ukubwa mmoja. Ungeweza kuikunja katikati kama karatasi, na kila dirisha lingemlalia mwenzake bila kupitiliza hata kidogo. Nimeona majengo makubwa, hospitali yetu ni kubwa, lakini ile imejengwa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Hii ilikuwa imetulia. Nilisikia kifua kinanipiga, nikadhani ni kile kilima.

"Umesimama," mke wangu aliniambia. "Peke yako, bila kiti."

Binti alikuwa akitungoja chini ya nguzo, shati jeupe, kitambulisho shingoni, uso wa mtu anayesubiri sindano. Nyuma yake alisimama mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa kustaafu, kizibao cha kijani, funguo kiunoni, ubao wa kuandikia na penseli. Ndiye msimamizi. Alitusalimu kwa kichwa, akaandika jambo kabla hatujafanya lolote.

Binti akaanza, kwa Kiingereza safi, sauti ikitetemeka kidogo. Alitueleza sheria kwanza: ziara inakwenda njia moja, tunaingia mbele na kutokea nyuma, jikoni, na hakuna kurudi, kwa sababu kundi jingine linatufuata na vyumba havitoshi kupishana. Kisha akatuonyesha juu.

"Dirisha la mwisho kulia, ghorofa ya pili. Litazameni vizuri."

Tukalitazama. Lilikuwa dirisha kama mengine.

"Limechorwa," akasema. "Nyuma yake kuna dohani ya kutolea moshi. Hakukuwa na nafasi ya dirisha, lakini bila dirisha upande huu ungepungukiwa. Kwa hiyo wakapaka ukuta rangi nyeusi, wakachora na mistari ya fremu."

Sikuweza kunyamaza. "Yaani mtu amejenga dirisha la uongo ili upande huu usiuonee wivu upande ule?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo hasa." Sauti yake ikaacha kutetemeka.

Sasa tukafika mlangoni, na hapo nilileta msaada wangu. Kina mama walikuwa wamejazana kwenye ngazi, kila mmoja akitazama visigino vya mwenzake kana kwamba vyake havipo. Binti alikuwa ameshatangulia ndani kufungua madirisha ya mbao. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye busara: "Mbona rahisi? Vueni. Kwani mnaingia kwa watu na viatu?" Nikainama, nikavua vyangu, nikavipanga pembeni ya nguzo, ncha zikitazama nje. Wakafuata wote, hata wale watatu wa kahawa, waliodhani ni utaratibu wa nyumba. Viatu vikapangwa safu nzuri chini ya nguzo nne za mawe, kama msikitini siku ya Idi. Hakuna aliyefikiria kuvibeba. Nani anabeba viatu vyake sebuleni kwa watu?

"Hodi," kina mama wakasema kwa pamoja, kwa mazoea. Nyumba haikujibu. Mama wa Mombasa akajibu kwa niaba yake, "Karibuni, karibuni," tukaingia.

Binti aligeuka akatukuta tumesimama na soksi, kina mama na zao zile nyembamba. Alifumba macho kidogo, kisha akasema sakafu inatushukuru, akaendelea. Akili yake yote ilikuwa kwenye maneno aliyoyakariri. Penseli ya msimamizi ilitembea.

Nitasema kitu kimoja kuhusu kutembea na soksi ndani ya nyumba ya kale. Unaisoma kwa nyayo. Ukumbi ulikuwa wa mawe meusi na meupe kama drafti, na baridi yake ilinipanda mpaka magotini. Ukivuka kizingiti kuingia chumba cha mbao, miguu inapumua. Mbele ya sehemu ya moto mbao zimelika kidogo, kwa sababu vizazi vya watu walisimama pale pale wakiota moto na kugeuza migongo. Nilisimama hapo na mimi. Palinienea vizuri.

Kisha ngazi. Ilizunguka ukuta ikipanda juu bila nguzo hata moja chini yake, mawe matupu yakining'inia hewani.

"Hii mimi siipandi," alisema mama wa Mombasa. "Haina miguu hii."

"Inayo, Anti," binti akamwambia. "Kila jiwe limeingizwa ukutani upande mmoja, na upande wa pili limekaa juu ya mwenzake wa chini. Ukikanyaga, uzito wako unapokezwa, jiwe kwa jiwe, mpaka chini kabisa."

"Kama tulivyopokezana ndoo za maji shuleni," akasema muuguzi mmoja.

"Na yule wa mwisho?" mama wa Mombasa akauliza.

"Wa mwisho yuko chini, amekaa ardhini, hana wasiwasi," binti akamjibu.

"Huyo ni shemeji yetu," mtu akasema, na wote wakanigeukia. Nilikubali cheo hicho. Nikapanda mbele yao, na katikati ya kila jiwe nikakuta pamebonyea, taratibu, kama upande wa kushoto wa kochi langu. Nikajua kwamba nyumba hii na mimi tutaelewana.

Nilikuwa sasa nauliza maswali kama mtoto wa darasa la pili. Dari ya plasta yenye mizabibu, nani aliipanda? Vyumba vya juu, mbona milango yake imepangwa mstari mmoja? Binti akatusimamisha kwenye mlango wa kwanza, na kutoka pale tuliona mlango ndani ya mlango ndani ya mlango, na mwisho kabisa dirisha lenye mti. "Mgeni alijua cheo chake," akasema, "kwa idadi ya milango aliyofunguliwa." Mke wangu akaninong'oneza kwamba mimi ningefunguliwa wa jikoni.

Tukarudi chini kwa ngazi ya pili, tukaingia sebule kubwa yenye milango miwili ukutani, pacha kabisa, vitasa vya shaba. "Jaribu ule wa kushoto, Baba." Nikazungusha kitasa, mlango ukafunguka vizuri, na nyuma yake kulikuwa na matofali.

"Wa uongo," akasema. "Kwa ajili ya ulinganifu tu."

Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta.

"Kama wewe," mke wangu akasema. "Sura ya mlango, ndani ukuta."

Chama kizima kikaangua kicheko. Msimamizi akauliza kimesemwa nini. Binti akasitasita, akamtafsiria. Penseli ikasimama, na pembe ya mdomo wa yule mama ikasogea, kidogo sana, kama pazia lenye mtu nyuma.

Chumba kilichofuata, cha kulia chakula, kilipakana na ukumbi wa mbele. Binti aliweka kiganja kwenye ukuta wenye karatasi ya kijani yenye ndege. Mstari mwembamba ulishuka katikati ya bawa la ndege mmoja. "Na hapa ni kinyume chake," akasema. "Huu unaonekana ukuta, nao ni mlango. Chakula kilipanda kutoka jikoni kwa njia ya siri nyuma yake, ili wageni wasimwone mtu akihangaika na sinia. Njia ipo bado, lakini haimo kwenye ziara."

Nilibaki nimeutazama ule mstari wakati wenzangu wanaondoka. Hospitalini tuna lifti ya wageni yenye kioo, na nyuma tuna yetu, ya vitanda, mashuka na mapipa. Kwa babu yangu Tanga kulikuwa na mlango wa mbele wa wanaume na salamu, na mlango wa uani ambamo mambo yote ya kweli yalipita. Nilikuwa nimekuja kuona kitu cha Waingereza, nikajikuta najua kitasa kilipo.

Tukashuka ngazi nyembamba mpaka jikoni. Sufuria za shaba, meko ya kuingia ng'ombe mzima, na ukutani safu ya kengele za kuwaitia watumishi, kila chumba na yake. Binti alimaliza kwa wakati, kundi zima lipo, hakuna aliyegusa kilichokatazwa. Akatushukuru. Uso ulikuwa umeanza kung'aa. Msimamizi akafungua mlango wa kutokea.

Nje mvua ilikuwa inanyesha kama imelipwa. Uwanja wa nyuma wote ulikuwa kokoto na madimbwi, na ili ufike mbele ilibidi uizunguke nyumba nzima, nayo, kama nilivyosema, ni nyumba kubwa.

Tukatazama mvua. Kisha, mmoja baada ya mwingine, tukatazama miguu.

"Viatu," mke wangu akasema.

Sijawahi kuona mwanga ukitoka usoni kwa mtu haraka namna ile. Binti alinitazama mimi, si mwingine. Nilisema nitakwenda kuvichukua. Mke wangu akaniuliza vyote, kwa mikono gani, mimi ambaye hata basi silikimbilii. Mama mmoja akasema turudi tulikotoka, na kutoka juu tukasikia vishindo vya kundi jingine, na sote tulikumbuka sheria ya kwanza tuliyoambiwa, na nani aliyetuambia.

Msimamizi alitazama saa yake. Kisha akamtazama binti yangu, akamwuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Na wewe, ungefanya nini hapa?"

Niliona maziwa. Niliona majani juu ya vikombe mpaka atakapozeeka. Nilitaka kusema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeanza kuvua, lakini mke wangu alinikanyaga soksi.

Binti aliinua macho ukutani. Alitazama zile kengele. Kutoka kengele macho yake yalihamia kwenye mlango mdogo kando ya meko, uliopakwa chokaa kama ukuta.

"Nyumba hii ilijengwa," akasema polepole, "ili watu watoke hapa mpaka chumba cha kulia bila kupita kwa wageni. Tatizo letu walishalitatua. Naomba ufunguo."

Msimamizi alishusha ubao wake. Penseli akaiweka nyuma ya sikio. Akashika funguo kiunoni, akazipitia moja moja, akatoa mmoja mweusi, mrefu kama kijiko cha kukorogea chai.

"Mstari mmoja," akasema. "Mikono ukutani, na mtu asiguse waya za kengele."

Wallahi sijawahi kufurahi hivyo nikiwa nimesimama. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba vitenge vilikuwa vinapangusa chokaa pande zote mbili. Ngazi za mbao zilikuwa zimelika katikati kuliko zile za mawe, na nyayo zangu zikaingia ndani ya nyayo za watu waliobeba supu. Kwenye kona kulikuwa na tundu la ukutani la kuwekea taa, na juu yake doa jeusi la moshi ambalo hakuna aliyelifuta. Binti mbele na tochi ya simu, mke wangu nyuma yake, chama kizima kikizuia kicheko kwa viganja, mimi nikisema "Ona hapa, ona hapa" kwa watu wasioweza kugeuka, na msimamizi mwisho kabisa.

Kisha tukasikia sauti upande wa pili wa ukuta. Mtembezaji mwingine, mwanamume, alikuwa anawaeleza watu wake: "...na kutoka hapa, chakula kilitokea kana kwamba hakuna aliyekileta."

Binti akasita. Mke wangu hakusita. Alinyoosha mkono juu ya bega la mwanawe na kusukuma.

Wale ndege wa kijani wakagawanyika. Akatoka binti yangu, akatoka mke wangu, wakatoka kina mama mmoja mmoja wenye feni za rangi ya chungwa, wote na soksi, kila mmoja akisema "Habari za leo" kwa Kiingereza kwa watu wa makamo waliovaa makoti ya mvua. Nikatoka mimi na chokaa kichwani. Mkono wa mtembezaji ulikuwa bado uko hewani pale ukuta ulipokuwa.

Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza. "Samahani, hii huwa ni sehemu ya ziara?"

Nyuma yangu msimamizi alitoka, akaufunga ukuta, akajipangusa chokaa begani.

"Kuanzia leo," akasema.

Tulivuka ukumbi haraka, tukafungua mlango wa mbele, na hapo ndipo nilipogundua kasoro pekee ya nyumba ile. Nguzo zake ni ndefu mno. Paa liko juu kwa ajili ya kutazamwa, mvua inaingia kwa pembeni. Viatu vyote vilikuwa vimejaa kama vikombe.

Binti alibaki na msimamizi. Sisi tulirudi stesheni tukitoa sauti za bata, na ndani ya treni hakuna aliyeuliza kilichokuwa moyoni mwa wote. Badala yake mimi niliongea. Nilieleza ngazi, nikaeleza dirisha, nikamweleza abiria nisiyemjua habari ya mlango wenye matofali. "Nani kakuwasha leo?" mke wangu aliniuliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kimya.

Nyumbani tulipanga viatu kwenye redieta. Sikukaa kwenye kochi. Nilisimama dirishani, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba madirisha ya jengo la mbele yetu hayalingani, na ikaniuma.

Ufunguo ulilia mlangoni kabla ya chakula. Aliingia, akavua viatu vyake vikavu, akavipanga karibu na vyetu vilivyolowa, na alipoinuka alisema kwa Kiswahili, chake kile chenye viraka: "Nimepata. Mimi naanza Jumamosi ijayo. Na ile njia, wamesema mimi nitapitisha watu kila ziara."

Mke wangu alipiga kigelegele, jirani wa chini akagonga dari yake. Mimi nilitaka kusema jambo la baba, nikamshika tu kichwa.

"Lakini Baba," akaendelea, na hapo akarudi kwenye Kiingereza, ili pasiwe na kosa. "Jumamosi naomba usije."

Maisha yangu yote nimengoja mtu aniambie nisitoke. Nilikaa kwenye kochi, upande wangu, na nikaona haya kumwambia kwamba nilikuwa nimeshatazama saa za treni.